Mti Uliokingama Mlangoni

Mjukuu wangu anayesoma Bugene alikuja juzi na daftari, akaketi kwenye ngazi ya baraza ninapochambulia maharage, akaniuliza, "Bibi, kukingama ni nini?"

Nikamwuliza mwalimu amesemaje. Akajibu kwamba mwalimu hakusema kitu, amewapa maneno kumi tu wakayatafutie maana nyumbani na kila neno walitungie sentensi. Kwenye simu ya mama yake alikwisha kutafuta, akakuta maelezo marefu yaliyomchanganya zaidi. Nikainuka, nikachukua fito moja kati ya zile za kusimamishia maharage, nikailaza mbele ya miguu yake kutoka ukingo huu wa njia hadi ukingo ule.

"Haya, pita."

Akaruka.

"Mbona umeruka?"

"Si umeiweka njiani, Bibi?"

"Ingelala kufuata njia, ungeruka?"

"Ningepita tu."

"Basi andika. Kitu kinacholala kufuata njia hakikusumbui. Kikilala kuikata njia, upande hadi upande, hicho kimekingama. Sentensi: Mgomba umeanguka ukakingama njiani."

Akaandika, akafunga daftari, akakimbilia mpira. Maneno tisa yaliyobaki sijui aliyapeleka kwa nani. Mimi nikabaki na ile fito mkononi, na maharage sikuyagusa tena siku hiyo.

Shule yangu iliishia darasa la tatu. Nalisema wazi, maana nyumba hii ya matofali ya kuchoma hakuna mwalimu aliyenijengea, na shamba hili la Ihembe sikulirithi kwa mtu. Lakini neno hilo nalijua kumshinda yule mwalimu, kwa sababu nimelifanyia kazi. Shamba langu liko kwenye mteremko. Nikishakata mkungu wa ndizi, shina la mgomba nalilaza likingame mteremko, ili maji ya mvua yakifika yagonge pale, yatulie, udongo wangu ubaki kwangu. Vijana wanayalaza ovyo, mengine yanatazama bondeni, halafu wanalia kwamba ardhi imechoka. Ardhi haijachoka, imehama. Mbuzi mwizi naye dawa yake ni mti unaofungwa ukakingama shingoni, asipenye kwenye ua wa watu. Na wakunga wa zamani walipopapasa tumbo la mja mzito kisha mmoja akasema polepole, "Amekingama," wanaume walianza kutafuta machela bila kuuliza chochote. Watoto wa jirani yetu walilala watano kitanda kimoja, wamekingama wote ili watoshe, miguu ikining'inia nje. Niliwaonea wivu. Mimi nililala kwa urefu, katikati ya kitanda, maana nilikuwa peke yangu.

Lakini fito ile ilipokuwa mkononi sikuwa nafikiria shamba wala mbuzi. Nilifikiria mlango wa nyumba ya bibi yangu, mama yake baba.

Ninyi wa rika langu mliokulia huku Karagwe mtanielewa haraka. Siku hizo kufuli lilikuwa kitu cha dukani, cha Waswahili wa mjini. Nyumba zetu zilikuwa na mlango wa matete, na mlango ule haukumwambia mgeni lolote, kwa kuwa mtu aliweza kuuegesha akiwa ndani, kwa ajili ya upepo au kuku wa watu. Kilichosema ni mti. Mwenye nyumba akitoka kwenda mbali alichukua mti mmoja mwembamba, uliomenywa gome ukalainika kwa kushikwa, akaulaza kukingama mlango, usawa wa kifua, kwenye vigingi viwili vilivyochomekwa ukutani kwa kazi hiyo. Basi. Mtu akifika akauona, alijua wenyewe hawapo. Hakupiga hodi, hakuita, hakuchungulia. Aligeuka. Hata mwizi aliuheshimu, au tuseme mwizi wa siku hizo alikuwa na aibu kidogo. Mtu aliyesimama kwenye mlango wenye mti uliokingama na kuanza kuita, huyo hakulelewa, au amekuja na jambo baya.

Siku za gulio bibi yangu alitoka asubuhi na mkungu wa ndizi kichwani, akarudi jua likiwa limelala upande wa Rwanda. Mimi hakunichukua. Alisema mtoto ni mzigo unaotembea nusu ya njia, nusu nyingine unadai kubebwa. Aliniacha uani, nyuma ya nyumba, na viazi vya kuchemsha kwenye kibakuli na kuku wa kuchunga. Kisha nilimsikia akizunguka mbele, mti ukigusa vigingi, tok, tok. Halafu kimya.

Mara ya kwanza nilimfuata nikamwuliza.

"Bibi, mbona unalaza mti na mimi nipo?"

"Wewe ni mtu?"

"Mimi ni mtu."

"Mtu anayeweza kumpokea mgeni? Kumpa kiti, kumpa kahawa, kumwuliza habari za kwake?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi nyumba haina mtu," akasema. "Na sikiliza vizuri. Mti ukishakingama, wewe humo usikohoe. Mtu akiita, usiitike. Ukiitika unanifanya mimi mwongo. Na anayeita nyumba yenye mti ni mtu wa namna gani?"

"Mtu mbaya."

"Mbaya kabisa."

Msidhani alikuwa katili. Alikuwa mama aliyezika mtoto wake wa pekee wa kiume, baba yangu, na kilichobaki cha mtoto huyo nilikuwa mimi. Baba alipofariki, wazee wa ukoo walikaa wakasema mama yangu arithiwe na binamu wa marehemu. Mama akakataa. Alikataa mbele ya watu, kwa sauti, akafungasha nguo zake akarudi kwao, ng'ambo ya Bugene. Mimi sikufungashwa. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, mjadala hakuna. Bibi alimsindikiza kwa neno moja, nimelisikia mara nyingi akilirudia kwa majirani kama mtu anayejisifu: "Nilimwambia, nikiwa mimi nipo katika nyumba hii, mguu wako usiikanyage."

Kwa hiyo siku za gulio nilikuwa mtu asiyekuwepo. Naomba mlipime hilo kwa umri wa mtoto. Unakaa uani, unasikia watu wanakuja mbele ya nyumba yenu, unawajua kwa kikohozi chao, nao wanageuka kwa sababu mti umewaambia hakuna mtu. Nilijishika mkono kuona kama nipo. Nilitengeneza watu kwa maua ya migomba, nikawapanga, nikawapa viazi vyangu, nikawauliza habari za kwao. Wakati mwingine ilichekesha. Siku moja walikuja wanawake wawili wa jirani, wakaona mti, badala ya kuondoka wakatua mizigo wapumzike hapohapo.

"Huyu mama gulio halikosi," mmoja akasema, "hata mvua ya mawe inyeshe."

"Atalikosaje? Ndizi zake zinaweza kulala nyumbani, lakini ulimi ule akiulaza nyumbani utaoza."

"Mawe, mama yangu! We utakuja kusikika."

"Na nani? Huoni mti?"

Nilijiziba mdomo kwa mikono miwili nisicheke. Jioni nikamsimulia Bibi, nikidhani atacheka na yeye. Alitaka kwanza majina. Kisha akaniambia, "Vizuri. Nyumba tupu ina masikio lakini haina mdomo." Juma lile wale wanawake hawakujua kwa nini hawajibiwi salamu.

Sasa ile siku.

Ilikuwa gulio kama magulio mengine, mchana, kuku wamejilaza kivulini mabawa wazi. Nikasikia hatua zikishuka kutoka barabarani. Nyumba yetu ilikuwa chini ya barabara, na kutoka njia panda palikuwa na kijia kinachoteremka katikati ya mibuni na migomba. Hatua zilikuwa nyepesi, za mtu asiye na mzigo. Zikafika mlangoni zikasimama. Nikangoja zigeuke. Hazikugeuka. Kisha sauti ya mwanamke, ya chini kama ya mtu anayezungumza na chungu, ikaita jina langu.

Iliita mara ya kwanza. Iliita mara ya pili, ikasema, "Upo? Njoo, mwanangu. Njoo usiogope."

Nami nikaogopa hasa kwa sababu ya hilo. Nilikwisha kufundishwa ni mtu wa namna gani anayeita kwenye mti. Sauti sikuitambua. Mama alikuwa ameondoka mvua kadhaa zimepita, na mtoto husahau sauti kabla ya kusahau vitu vingine, sijui kwa nini Mungu alipanga hivyo. Nilijibana nyuma ya kihenge cha mahindi, nikamkumbatia kuku mmoja kifuani ili awe na mimi, naye akalalamika. Yule mwanamke alikaa kitambo kirefu. Nilimsikia akipumua, naapa. Halafu kitu kikagusa ardhi, hatua zikapanda kijia, zikapotea.

Sikutoka mpaka kivuli kilipofika kwenye jiwe la kunolea panga. Nilipozunguka mbele, chini ya mti, kizingitini, palikuwa na kifurushi kidogo cha jani kavu la mgomba kilichofungwa kwa kamba ya mgomba. Nikakifungua. Kahawa za kutafuna, zile zinazochemshwa na maganda yake pamoja na majani ya kunukia, zikakaushwa. Nikazipeleka puani.

Nimesema sauti ilinipotea. Harufu haikunipotea. Mama yangu alikuwa akifunga kahawa za namna hii kwenye pindo la kanga, na nilipokuwa nikilala kifuani kwake pindo lile lilikuwa hapa, kwenye shavu. Nilisimama pale mlangoni, nikaita. Niliita sana. Barabarani walipita watu wa gulio na mikungu yao, hakuna aliyegeuka, na kwa nini wageuke, nyumba ilikuwa na mti.

Bibi alirudi akaninusa kabla sijasema kitu.

"Umetafuna nini?"

Nikaficha mkono nyuma. Akanifungua kiganja, akaona. Akazichukua zile kahawa, akazigeuzageuza, akaangalia na lile jani na ile kamba jinsi ilivyofungwa. Nadhani alijua fundo lile ni la nani.

"Ameita?"

"Ameita."

"Ukaitika?"

"Sikuitika."

"Vizuri," akasema, akaenda kuwasha moto. Kwa muda aliupuliza ule moto bila sababu, ulikuwa umeshawaka.

Usiku mzima akili yangu ya kitoto ilifanya kazi, ikatoka na jibu. Mama alikuja. Mama aliukuta mti. Mti ulimwambia hakuna mtu, akaita kidogo kwa kujaribu, akaamini mti, akaondoka. Kwa hiyo mbaya ni mti. Nikiutoa mti, mama ataona mlango uko wazi, atajua nipo, ataingia. Mniambie ninyi kama hesabu hiyo ina kosa. Mimi nilitafuta kosa lake miaka mingi sikuliona.

Gulio lililofuata Bibi alilaza mti, tok, tok, akapanda kijia. Nilihesabu mpaka nikaishiwa namba. Kisha nikazunguka mbele, nikapanda juu ya kinu, nikautoa mti, nikausimamisha kando ya ukuta. Nikakaa kizingitini, chini, magoti kidevuni, nikitazama kijia.

Walikuja wote isipokuwa yeye. Nyumba isiyo na mti ni nyumba yenye mtu, kwa hiyo kila mwenye shida alishuka. Alikuja mzee mmoja jirani, mzee wa kanisa, Mlutheri wa kofia, anatafuta jembe la kuazima.

"Hodi."

"Karibu. Shikamoo babu."

"Marahaba. Bibi yuko wapi?"

"Gulioni."

Akaangalia vile vigingi, akaniangalia mimi.

"Na mti?"

"Nimeutoa."

"Umeutoa! Kwa hiyo leo mwenye nyumba ni wewe?"

"Ni mimi."

"Waitu, mheshimiwa mwenye nyumba," akasema, akavua kofia akainama kabisa, "naomba maji ya kunywa na jembe."

Nikampa maji. Jembe nilisema limeenda gulioni na Bibi, kwa kuwa sikujua mwenye nyumba anaruhusiwa kuazimisha nini. Alicheka mpaka akakohoa. Alipoondoka aliniuliza, "Unamngoja nani?" Nikasema simngoji mtu. Akanitazama, akavaa kofia yake, akaenda. Namshukuru mpaka leo kwamba hakumwambia Bibi.

Jua likielekea upande wa Rwanda nilipanda tena kinu, nikarudisha mti. Bibi alipofika aliukuta umekingama kama alivyouacha. Nilifanya hivyo gulio la pili, la tatu. Nilifanya hivyo msimu wa senene ukaja ukapita, kahawa ikachumwa, ikaanikwa, ikauzwa, migomba aliyoipanda Bibi nikiwa ndio naanza ikabeba. Kila gulio niliutoa, kila gulio nilikaa pale chini. Wenye shida walikuja, nikawapa maji. Kuku wa watu waliingia ndani, nikawafukuza. Nilijua mwanga unavyoingia mlangoni saa kwa saa. Mbele yangu mibuni ilikuwa imeshonana, sikuweza kuiona barabara, nilisikia tu sauti za wapita njia juu kule, na kila sauti ya mwanamke nilisimama kidogo, halafu nikakaa.

Halafu siku moja nikaacha. Hakuna lililotokea. Bibi alilaza mti akaondoka, nami nikabaki uani na kuku, sikuzunguka mbele. Nilikuwa nimeamua kwamba mtu aliyekuja mara moja akaacha kahawa kizingitini, kama unavyomwachia mgeni, hamtaki mtoto. Nililiamua hilo kimyakimya, na likawa jiwe, nikalibeba.

Nililibeba mpaka nikaolewa. Bibi alifariki nikiwa na mtoto wa kwanza mgongoni, na pale msibani ndipo yule jirani aliyesema ulimi wa Bibi utaoza aliponivuta pembeni. "Sasa aliyekuwa anazuia ameondoka," akasema, "nikwambie. Mama yako yuko Kyerwa, ng'ambo ya Rubwera. Aliolewa huko. Yupo hai." Nikamwambia asante kwa habari. Sikwenda. Mnaweza kusema nilikuwa na kiburi, na ni kweli, ndicho kilichonijengea nyumba hii. Niliuza kahawa, nikapanda migomba, nikasomesha watoto kupita pale nilipoishia mimi, na kila nilipofanikiwa kitu nilisema moyoni, angalia ulichokiacha.

Wanangu walikwisha kuoa na kuolewa nilipopanda basi dogo kwenda Rubwera. Sitawadanganya kwamba moyo ulilainika. Nilikuwa nimezeeka, nikataka nimwulize swali moja kabla mmoja wetu hajafa. Rubwera nikachukua bodaboda, kijana akanipeleka kwenye vumbi jekundu mpaka nyumba ndogo ya bati yenye migomba kulia na kushoto. Mwanamke mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, anamenya ndizi kwa kupapasa. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani huyo?"

Nikataja jina langu. Kisu kikasimama kwenye ganda.

"Wa Ihembe?"

"Wa Ihembe."

"Mbona sauti nzito hivyo?"

"Nimezeeka."

"Umezeeka! Na mimi je, nisemeje?" Akacheka, nami bila kutaka nikacheka. Kisha tukakaa. Akatafuta uso wangu kwa mikono yenye utomvu wa ndizi, akaupitia taratibu, paji, pua, kidevu, akasema, "Pua ni ya baba yako." Wajukuu wake wakaleta maji, wakaleta ndizi za kuchoma. Nilikula kidogo. Mimi sijui kuzunguka, nikasema.

"Mama, ulikuja siku moja ukaacha kahawa. Hukurudi tena. Kwa nini?"

Alikaa muda akikusanya maganda, akiyapanga kama vitu vya maana.

"Nilikuita, hukuitika," akasema. "Nilikusikia nyuma ya nyumba. Kuku alilia, nawe ukamnyamazisha. Nikajua upo. Nikasema, mtoto wamemfundisha kunikataa. Nilitembea mpaka kwetu bila kuona njia."

"Halafu basi?"

"Nani kasema basi? Nilirudi. Mtoto akikukataa mara moja ndiyo humtaki? Kila gulio nilipita. Yule mama alikwisha kusema, akiwa yupo mguu wangu usikanyage pale, na mimi sikutaka matusi mbele yako. Kwa hiyo nilisimama njia panda, natazama mlango juu ya mibuni. Mti ukiwepo, nijue yeye hayupo, nishuke. Mti usipokuwepo, nipite." Akafuta mikono kwenye kanga. "Mti sikuuona tena. Hata siku moja. Nikajua ameambiwa nilikuja, ameacha gulio, anakaa ndani anakulinda. Nilipita msimu mzima. Nikasema, haya, mama mkwe amenishinda. Ndipo nikakubali kuja kuolewa huku, nisiwe napita barabara ile."

Jamani. Wakati ule bodaboda alikuwa ananingoja barazani anachezea simu, kuku wanadonoa maganda, kila kitu kimetulia, na mimi nilikuwa nimekaa mbele ya kosa langu nimelikuta zima zima. Ningeweza kuliacha lilivyo. Bibi alikuwa ameshakufa na marehemu hajitetei, mama alikuwa amezoea kumlaumu yeye, na lawama ile ilikuwa imekaa mahali pake miaka yote bila kumdhuru mtu. Nililifikiria hilo, nasema kweli. Nilifikiria pia kwamba nikisema, huyu mzee atakufa akijua kwamba mtoto wake mwenyewe ndiye aliyemfungia njia. Lakini nilikuwa nimebeba jiwe langu muda mrefu, nikajua na yeye analo lake, la yule mtoto aliyenyamazisha kuku.

"Bibi hakuacha gulio," nikasema. "Mti niliutoa mimi."

Hakunielewa. Nikaanza upya, polepole. Kwamba siku ile niliogopa kwa sababu aliita kwenye mti. Kwamba nilinusa zile kahawa nikamjua. Kwamba nilidhani mti ndio uliomfukuza, basi kila gulio Bibi akishaondoka nilipanda kinu nikautoa, ili akija aone mlango wazi, aingie. Kwamba jioni niliurudisha.

Akakichukua tena kisu, hakumenya kitu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo sana, ile ile ya mlangoni, na safari hii niliijua.

"Ulikuwa unaningoja?"

"Kila gulio."

"Ulikaa wapi? Sikuona mtu."

"Kizingitini. Chini."

"Chini," akasema. "Mibuni ilikuwa mirefu. Mimi nilikuwa naona juu tu." Akavuta pumzi. "Ulikuwa umevaa nini?"

Swali lile sikulitegemea. Ilibidi nitafute.

"Gauni la bluu. Lilikuwa la mtoto wa jirani, limepauka. Nyuma halina vifungo, Bibi alilishikiza kwa uzi."

"Na kichwa?"

"Kimenyolewa."

"Chawa?"

"Chawa."

Akacheka, machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta. "Na meno?"

"Mawili ya mbele hayapo."

"Umekaa vipi?"

"Magoti kidevuni. Natazama kijia."

Akafumba macho ambayo hata yakiwa wazi hayakuona kitu. Akaweka kisu chini, akaegemeza mkono wake kwenye goti langu kama mtu anayejiandaa kushuka mahali penye utelezi.

"Kaa hapohapo," akasema. "Nashuka."